Zunguka Mti Kama Unatafuta Kuni

Nyie mnaojiandaa kupanda juu ya mikarafuu mavuno haya, kaeni kitako kidogo kabla hamjaniambia kuwa mnajua. Sitawafundisha kuchuma. Kuchuma hata kima anajua, tena yeye hadai malipo. Nimepanda mikarafuu tangu ndevu hazijaniota mpaka zilipoingia mvi, na miaka yote hiyo sikumwona mtu aliyeanguka kwa sababu hakujua kuchuma. Wanaoanguka ni wale wanaochuma vizuri. Mikono yao iko mbele, macho yao yako mbele zaidi, na miguu imeachwa huko nyuma ijitafutie yenyewe pa kukanyaga.

Jina langu Faki, na kwetu ni kijiji cha ndani, baina ya Chake na Wete, ambako mtu akikuuliza kazi yako husemi karafuu kwa kuwa anajua. Siku hizi nimestaafu. Kustaafu kwa mpanda mikarafuu hakuna sherehe wala zawadi ya saa ya ukutani. Siku moja unasimama chini ya mti, magoti yanakwambia leo hapana, na kesho yake yanakwambia vile vile. Basi, umestaafu.

Jambo ninalotaka kuwaambia ni dogo nalo linahusu macho. Nyie mnadhani macho yakifunguka yanaona kilichopo. Hayafanyi hivyo. Macho huenda yanakotumwa, na yasikotumwa hayaendi hata kama ni hapo puani. Mtume mtu mwenye njaa sokoni Chake akanunue misumari, kisha akirudi muulize. Atakutajia kila sufuria iliyokuwa motoni, na duka la misumari atakwambia leo halikufunguliwa.

Mimi haya nilifundishwa na Mzee Shaame, Mungu amrehemu. Alikuwa mkubwa wa wachumaji wa upande wetu, mtu mwembamba, mkali, asiyecheka mpaka aone mwenzake kakosa. Siku ya kwanza aliponichukua nilifika na ngowe yangu mpya, ile fimbo ya ndoana tunayovutia matawi, nimeichonga mwenyewe na kuipaka mafuta kama bwana harusi. Akanisimamisha chini ya mkarafuu mkubwa, akanipa muda nitazame, halafu akauliza.

"Umeuona mti?"

"Nimeuona, Mzee."

"Una nini?"

"Umezaa, Mzee. Vishada vya juu vishaanza wekundu."

"Ehe. Na tawi utakalokanyaga ukishapita panda ya kwanza, likoje?"

Nikanyamaza.

"Hukuuona mti weye, yakhe. Umeona karafuu. Shuka."

"Lakini bado sijapanda, Mzee."

"Ndo nakwambia shuka sasa, ungali na miguu miwili."

Siku ile sikuchuma hata kishada kimoja. Nilizungushwa mti mpaka nikaona kizunguzungu, na kila nikisimama naulizwa swali jingine ambalo sina jibu lake. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia mama yangu kuwa yule mzee ana roho mbaya. Mama akanijibu kuwa wenye roho nzuri wote waliowahi kufundisha watoto kupanda mikarafuu, wanafunzi wao wanatembea kwa magongo.

Sasa nisikilizeni. Mkarafuu si mwembe. Tawi la mwembe likitaka kukuacha hulalamika kwanza, likainama, likakupa nafasi ya kusoma hata dua fupi. Mkarafuu haukuarifu. Tawi linaweza kuwa bichi nchani, majani yanang'aa, limejaa karafuu, na kumbe pale lilipoungana na mti pameoza zamani. Karafuu zenyewe huwa wapi? Nchani. Basi jicho linalotaka karafuu huruka kutoka ncha hadi ncha, kishada hadi kishada, na pale kwenye maungio halitui kabisa. Si kwamba halikupita karibu. Limepita, lakini halikutumwa huko.

Mzee Shaame naye alikuwa na tatizo hilo hilo, na hakulificha. Dawa yake aliipata kwa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa jirani yetu, mjane, ana ruhusa ya kuokota kuni katika mashamba yote ya pale. Asubuhi moja tulikuwa watatu chini ya mti, mimi na mwenzangu Kombo na mwingine mmoja, kila mmoja ameshazunguka na kusema mti mzima. Mzee Shaame bado anajikuna kidevu. Bi Mize akapita na mzigo wake kichwani.

"Bi Mize, sabalkheri. Hebu utizame mti uno."

"Sabalkheri, Mzee. Nautizamia nini mie?"

"We tizama tu."

Hata mzigo hakuutua. Akainua macho kidogo, akayazungusha mara moja, akasema, "Lile la upande wa kibla mnipe mie, kavu lile. Na liko jingine nyuma yake lishakufa nusu, likianguka msinikatie vipande vipande, mniachie refu."

Tukatazama kibla. Wallahi lilikuwapo. Tawi kavu nene, limejificha nyuma ya majani ya tawi jirani, na katika watu wanne tuliokuwa tumeutumbulia macho mti ule hakuna aliyeliona. Kombo, ambaye tawi lile ndilo alilokuwa amelipangia miguu yake, aliweka ngowe yake chini.

"Na karafuu je, Bi Mize?" Mzee Shaame akamuuliza. "Mti umezaa?"

"Karafuu? Sikuangalia," akasema, akaenda zake.

Tangu siku ile kwa Mzee Shaame ikawa sheria. Mtu hapandi mti mpaka auzunguke kwanza kama anatafuta kuni. Lakini yule mzee alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alijua kuwa macho hayadanganyiki kwa maneno matupu. Ukiyaambia tafuteni kuni, na moyoni unataka karafuu, yatakufuata wewe moyoni. Basi akaweka na jingine: uji wa asubuhi pale shambani ulipikwa kwa kuni tulizozitaja wenyewe kutoka kwenye miti tutakayopanda siku hiyo, tukazivuta kwa ngowe tukiwa chini. Hukupata kuni, huna uji. Nawaambieni, hapo ndipo nilipojua kuona tawi kavu. Tumbo tupu lina macho makali kuliko daktari.

Msije mkadhani kuni ni dawa ya kila kitu. Kombo aliipenda sana sheria ile, akawa bingwa wa kuni. Siku moja akazunguka mti, akataja kila kijiti kikavu mpaka vya ukubwa wa kidole, akapanda kwa mbwembwe. Hakuona kuwa mti mzima umejaa viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Viota vikubwa kama mafenesi machanga, vinaning'inia mbele ya uso wake, lakini si kuni. Alishuka kwa kasi ambayo sikupata kuiona tena, na suruali aliivua njiani, na chini palikuwa na jamvi la akina mama wanaochambua karafuu. Alikwenda kukaa kwa mjomba wake Wesha mpaka watu wakapata jambo jingine la kucheka. Aliporudi alikuwa akizunguka mti mara ya kwanza kwa kuni na mara ya pili kwa chungu, na hiyo mara ya pili hakuhimizwa na mtu.

Nikitaja akina mama wa jamvini nimemkumbuka mke wangu, Bi Time, naye msimuache nje ya habari hii. Kazi ya kuchambua mnaijua: kishada kinaletwa, karafuu inatengwa huku na kikonyo kule. Bi Time alikuwa na mikono isiyofuatika. Nikamuuliza zamani anaonaje karafuu upesi vile, akanambia haoni karafuu hata moja, anaona vikonyo tu, na karafuu ni kile kinachobaki. Nikaona ananitania. Halafu nikapoteza saa yangu ya mkono. Nilitafuta chini ya miti, nilitafuta njiani, nikamshuku hata Kombo. Siku ya pili nikaikuta kwenye jamvi la Bi Time, ndani ya lundo la karafuu alizokwisha kuchambua, inang'aa.

"Bi Time, saa hukuiona? Imepita mikononi mwako."

"Ina kikonyo?" akaniuliza.

Nikaenda kumwomba Kombo radhi.

Lipo jambo moja la Mzee Shaame ambalo kwa miaka mingi nililielewa vibaya, nalo nitalirudia mwisho. Tukishamaliza mti, mwenye shamba akija na kumwuliza, "Mzee Shaame, mti huu umezaaje mwaka huu?" yeye hujibu, "Sijui." Mti ameukalia chini tangu asubuhi, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu, na hajui. Sisi vijana tulikonyezana. Kwetu tunajua, mtu hasemi hovyo kuwa kitu kimejaa, jicho la hasidi lisije likatua. Ng'ombe akizaa pacha unasema mashaallah, tena kwa sauti ndogo. Basi tukasema mzee anachelea kijicho, anazikinga karafuu za watu. Hata nilipokuwa mkubwa wa wachumaji mimi mwenyewe, baada yake, niliiga. Nikiulizwa, nasema sijui. Nilikuwa najua vizuri sana. Nilidhani naendeleza adabu ya mwalimu wangu.

Mambo yamebadilika, na mengine yamebadilika vizuri. Ziko kamba za kiunoni sasa, na nyie mkipewa mzivae, msinambie zinabana. Ziko ngazi. Na ziko simu. Nimemwona kijana anapiga picha mti, anaikuza kwa vidole viwili mpaka unaona mdudu kwenye jani. Ni kitu kizuri. Lakini simu nayo hutazama pale ulipoielekeza, na anayeielekeza ni yule yule mwenye uchu wa karafuu. Hilo nililiona kwa mkwe wangu Salum.

Salum ni mume wa binti yangu Riziki. Kwao ni Jadida, Wete, mtoto wa mjini, na kabla hajaoa kwetu alikuwa akipakia na kupakua mizigo bandarini. Alipokuja akasema anataka kujifunza karafuu. Mikono mizuri, kifua kizuri, hofu hana. Hicho cha mwisho ndicho kilichoniudhi. Nikamfundisha mwenyewe, kuni na chungu na yote, na alikuwa akifanya kama mtu anayesali haraka ili awahi mpira.

Misimu miwili iliyopita macho yangu yaliingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikuwa naona mwanga na vivuli, na watu niliwajua kwa sauti. Kijiji kizima kilijua, kwa sababu nilishaiamkia kanzu iliyoanikwa kwenye kamba, nikangoja marahaba. Lakini bado nilikuwa mkubwa wa wachumaji, na wachumaji walisema Mzee Faki aje tu akae, hata asipoona. Nikawa nakaa chini ya mti na kuuliza maswali.

Uko mkarafuu mmoja ukingoni mwa bonde, shamba la Bwana Masoud, tunauita Kiburi kwa sababu unaanza matawi juu sana. Mwaka ule ulizaa vibaya mno, maana yake vizuri mno, na karafuu zilikuwa zimekaribia kufunguka. Karafuu ikishafungua ua haina thamani tena, mnajua. Bwana Masoud alikuja mwenyewe, mtu wa heshima, hasukumi mtu, lakini alikuwa anakohoa kila mara. Aliyebaki wa kuupanda ni Salum.

Asubuhi ile kabla hatujatoka Riziki alinipa chai. Alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, anatembea ameshika kiuno. Alinishika mkono akaniwekea kikombe vizuri nisijimwagie, akasema, "Baba, mwangalie." Ananambia mimi, ambaye kikombe chenyewe nimeshikishwa.

Tukafika. Nikakaa kwenye mzizi.

"Zunguka, mwanangu. Nitafutie kuni."

Nikasikia hatua zake, upesi upesi.

"Nshazunguka, baba. Kuni hamna."

"Mti mkubwa wote uno hauna kuni? Basi nitajie matawi. Anza chini, upande wa kibla, twende juu pole pole."

Akaanza. "La kwanza nene, bichi, limeshika vizuri. La pili lina kovu lakini lishapona. La tatu dogo, silitaki. Hapo pana panda. Juu ya panda... baba, juu ya panda hapo pana vishada, wallahi sijaona mfano wake. Tawi limeinama lote."

Sauti yake ilikuwa inatembea tawi kwa tawi, maungio kwa maungio, na pale kwenye panda ikaruka. Ikatoka shinani ikaenda nchani kwa mkupuo mmoja. Mimi sikuwa na macho, lakini macho yake niliyasikia yanavyokwenda.

"Limeinama wapi? Nchani au shinani?"

Akanyamaza. Kimya kile nilikifahamu. Kilikuwa changu, siku ile na ngowe yangu mpya.

"Ngoja, baba," akasema. Akatoa simu, akapiga picha, nikasikia anaikuza. "Bichi. Safi kabisa."

"Umepiga nini?"

"Tawi."

"Umepiga tawi au umepiga vishada?"

"Vishada," akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Mzee Faki," Bwana Masoud akasema kwa upole, "karafuu zitafunguka."

"Zifunguke, Bwana Masoud."

Nyie nisikilizeni, nitasema lilivyo. Niliogopa. Ningekuwa na macho yangu ningesimama, ningezunguka, ningeona au nisingeona, ningejua. Sasa nilikuwa mzee aliyekaa kwenye mzizi na ukungu mbele yake, juu pana kitu ambacho hakijatazamwa, na mume wa binti yangu amekwisha kujifunga pakacha la kuchumia kiunoni. Nilifikiri kumwambia tu asipande. Angeacha leo, na kesho angepanda mwingine, au yeye mwenyewe mbali na mimi, na macho yale yale.

"Fungua pakacha hilo," nikamwambia. "Na ngowe iweke chini. Leo huchumi."

"Baba..."

"Riziki hana kuni. Asubuhi kanipa chai, jikoni nimesikia anavunja makumbi ya nazi, hana kitu kingine cha kuwasha. Mwenyewe hawezi kuinama. Mtafutie mkeo kuni katika mti uno, hata moja. Ukiipata mpelekee, ukae naye. Karafuu waachie wenyewe."

Nilisema kweli. Kuni zilikuwa zimekwisha. Nikasikia pakacha linawekwa chini, ngowe inalazwa.

Safari hii hatua zake zilikuwa nyingine. Zilikwenda, zikasimama. Zikarudi. Akapanda ule mteremko wa nyuma ya mti, mahali ambapo mchumaji hendi kwa sababu ukiwa kule huoni kishada, unaona migongo ya matawi tu. Nikasikia anachuchumaa. Hata Bwana Masoud aliacha kukohoa.

"Baba."

"Naam."

"Nimeona kuni." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lile lile lenye vishada. Pale lilipoungana pamefunguka, mkono unaingia. Majani ya tawi la chini yamepaziba, ukiwa mbele hupaoni. Limeshikwa na ganda tu."

Akashuka mteremkoni, akaja akakaa karibu yangu kwenye mzizi. Hakusema alikuwa amepanga kulikanyaga. Hakuna aliyeuliza, sote tulijua, maana juu ya panda ile hakuna njia nyingine ya kupitia. Nilimtafuta bega nikalishika. Nililia, tena bila kujificha, na Bwana Masoud, Mungu ambariki, alijifanya kutazama bonde.

Baadaye wachumaji wengine walirusha kamba yenye jiwe, wakaizungusha kwenye tawi, wakavuta watu wawili tu. Halikutaka wa tatu. Lilianguka na karafuu zake zote na tukazichuma tumekaa chini, kama akina mama wa jamvini. Tawi lenyewe Salum alilipasua, akalibeba mabegani mpaka nyumbani. Riziki alipikia mpaka siku ya kujifungua, na hakuambiwa kuni zile zimetoka wapi mpaka mtoto alipotimiza arubaini. Alipoambiwa aliingia ndani akafunga mlango, na alipotoka alinipikia mkate wa kumimina.

Ni wao wawili walionipeleka hospitali ya Chake kutolewa mtoto wa jicho. Sitawasimulia ya hospitali, kila mzee ana yake na zote zinafanana. Nilipofunguliwa kitambaa cha pili, Bi Time alikuwa amekaa mbele yangu na kanga yake nzuri, ananingoja niseme neno. Nikamwambia amependeza. Akasema, "Alhamdulillahi, na ile kanzu nayo itapumzika, ishachoka kuamkiwa."

Nakuja kwenye msimu uliopita, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Nilikuwa na macho mapya. Nilimwambia Bi Time kuwa mwaka huu siendi shambani kwa kazi, naenda kutazama. Nyie hamjui bado kitu hiki, mnacho kila siku. Mkarafuu uliozaa, asubuhi, umande haujakauka, vishada vimeanza wekundu juu ya kijani kile, ni moja katika mambo mazuri aliyotuumbia Mungu katika kisiwa hiki, na mimi nilikuwa nimekikosa msimu mzima. Nikasema nitakaa chini ya Kiburi nitazame mpaka nishibe.

Salum sasa ndiye mkubwa wa wachumaji. Aliuzunguka mti kwa utaratibu, mbele na mteremkoni, akavuta kijiti kikavu kwa ngowe, akaja akakiweka miguuni pangu. Akazunguka tena kwa ajili ya chungu. Akafunga kamba ya kiunoni, akafunga pakacha, akasema bismillahi, akapanda. Mimi nikaegemea mgongo, nikainua uso, nikayaacha macho yangu yajilie.

Alichuma mpaka jua likapanda. Alipojaza alishuka, akaruka chini mwepesi, uso umejaa jasho na vumbi la majani, amefurahi kama mtoto.

"Baba, safari hii Kiburi kimezaa kuliko mwaka ule. Weye umekiona chote toka huku chini. Kimezaaje?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Ndani hamkuwa na kitu. Nilikuwa nimeona mguu wake wa kushoto ukijaribu tawi kabla ya kulielemea. Nilikuwa nimeona wa kulia. Nilikuwa nimeona kila maungio aliyokanyaga, na kamba ikikazana na kulegea, na kisigino chake kilivyoteleza mara moja kwenye ganda lenye ukungu kisha kikapata mahali. Ningeweza kumtajia njia yote, ya kupanda na ya kurudi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Shaame, kwenye mzizi wake, shingo imekakamaa, anaulizwa na wenye mashamba mwaka hadi mwaka. Na juu ya mti alikuwa nani miaka ile? Nilikuwa mimi.

Salum alikuwa bado ananingoja.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sikuona hata moja."